Teze za wapadri wa kwanza wa kwetu

Mwaka 1910 Stefano Kaoze, mwana wa Marungu, alikuwa bado mwanafunzi wa seminari upande wa Baudouinville, fasi tunayoiita leo Moba. Mwaka ule gazeti moja la Ubelgiji, Revue Congolaise, lilianza kutoa maandiko yake yaliyoandikwa kwa Kifaransa, yenye jina « La psychologie des Bantu ». Alieleza humo ginsi watu wake wanavyofikiri, wanavyopenda, wanavyoogopa, wanavyosema juu ya Mungu na juu ya wafu. Hakuna chuo kikuu kilichomwomba kazi hiyo. Hakuna waamuzi waliokaa mbele yake na kumwuliza: « Haya umeyapata wapi? » Mwaka 1917, tarehe 21 ya mwezi wa saba, aliwekwa padri, wa kwanza katika Kongo yetu ya siku hizi, akafanya kazi ya upadri mpaka kufa kwake bila cheo cha udaktari.

Tunaanza na mzee huyo kwa sababu swali ambalo yeye hakuulizwa, wadogo wake waliulizwa, tena kwa ukali. Mtu akitaka kuitwa daktari katika chuo kikuu haifai kusema tu: « Ndivyo wazee wetu walivyosema. » Lazima aonyeshe shahidi. Na shahidi wa wazee wetu ni nani, ikiwa hawakuandika? Katika kurasa hizi tunataka kufuata wapadri watatu wa pande zetu waliojibu swali hilo, kila mtu kwa njia yake, kati ya mwaka 1955 na mwaka 1965.

Kwanza neno lenyewe. Teze limetoka katika Kigiriki, maana yake ni kitu kilichowekwa. Katika Paris ya karne ya 13 teze haikuwa kitabu. Ilikuwa neno moja fupi lililowekwa mbele ya watu, wengine wakalipiga kwa maswali na maneno ya kukinza, na mwanafunzi akajibu. Halafu mwalimu alirudi, akapanga maneno ya pande zote na kukata shauri. Msomaji aliyepata kuona wazee wa kijiji wakikata neno la mahari ao la shamba hatastaajabu sana: mambo yanasemwa hadharani, kila mtu anasikia, na mwenye kushindwa anajua kwa nini ameshindwa. Mtakatifu Thomas wa Akwino alifundisha na kuandika kwa namna ile ile, na yeyote aliyefungua Summa yake anajua kwamba kila fungu linaanza na maneno ya wale wanaokinza.

Kitabu kinene tunachokiita teze leo kilikuja nyuma sana. Ni mtoto wa vyuo vikuu vya Ujerumani vya karne ya 19, kama kile cha Berlin kilichofunguliwa mwaka 1810, ambamo mwalimu alitakiwa si kufundisha tu bali kutafuta jambo jipya, na mwanafunzi pamoja naye. Wafaransa walifuata kwa namna yao: aliyetaka udaktari wa maandiko aliandika teze mbili, moja kubwa kwa Kifaransa na moja ndogo kwa Kilatini. Sharti hilo la Kilatini lilidumu mpaka mwaka 1903. Ni mzigo ambao wanafunzi wa leo wanaolalamika juu ya kurasa za kwanza na za mwisho za teze yao wangeufikiri kidogo.

Roma ilikawia. Kwa muda mrefu padri aliweza kurudi kwao na cheo cha daktari, mara nyingine vyeo viwili, baada ya mitihani ya kinywa tu. Papa Pio XI aligeuza mambo hayo kwa sheria yake Deus scientiarum Dominus ya tarehe 24 ya mwezi wa tano mwaka 1931. Tangu hapo hakuna udaktari katika vyuo vikuu vya Eklezia bila teze iliyoandikwa, yenye kuonyesha kwamba mwanafunzi anajua kutafuta mwenyewe, na yenye kusogeza elimu mbele. Lazima aitetee mbele ya waalimu. Lazima pia ichapishwe, yote ao walau sehemu yake, kusudi wenye elimu wa kila fasi waweze kuipima.

Maneno yale « kusogeza elimu mbele » ni mafupi, lakini kwa mwanafunzi aliyetoka Afrika yalikuwa mlima. Atasogeza nini? Akichagua Mtakatifu Augustino, Wazungu wamekwisha kuandika juu yake vitabu vya kujaza nyumba, nao wana maktaba karibu na vitanda vyao tangu utoto. Akichagua mambo ya kwao, hapo ana kitu ambacho hakuna mwalimu wa Roma anayekijua. Lakini ndiyo taabu yenyewe: mwalimu asiyekijua atakihukumu namna gani? Sheria ya kazi ni kwamba kila neno liwe na alama chini ya ukurasa, kitabu fulani, ukurasa fulani. Bibi yetu aliyetusimulia hadithi jioni hana ukurasa.

Aliyeingia mlimani kwa nguvu zaidi ni Padri Alexis Kagame wa Rwanda. Alizaliwa mwaka 1912, akawekwa padri mwaka 1941. Wakati wa kwenda Roma hakuwa kijana wa kushikwa mkono. Alikuwa amekwisha kuongoza gazeti la Kinyamateka, alikuwa amekusanya kwa miaka mingi mashairi ya wasifu wa wafalme, na mwaka 1951 alikuwa ametoa kitabu juu ya mashairi hayo. Wataalamu wa Brussels walikuwa wamekwisha kumpokea katika chama chao cha elimu za makoloni. Mwaka 1952 alitoa kitabu juu ya sheria za utawala wa Rwanda ya zamani, na hapo serikali ya Wabelgiji ilimwona kuwa karibu mno na Mwami Mutara Rudahigwa na siasa yake. Ilisukuma, na wakubwa wa Eklezia wakampeleka Roma kusoma. Kumpeleka mtu shuleni kusudi anyamaze ni shauri la ajabu kidogo, na kwa Kagame halikufaa hata kidogo. Huko Roma alikaa pamoja na wanafunzi wengine waliojulikana kwa jina la Wapadri Weusi, akaandika kuliko mbele.

Teze yake aliitetea katika chuo kikuu cha Gregoriana mwaka 1955, na mwaka uliofuata ikachapishwa Brussels: « La philosophie bantu-rwandaise de l'Être ». Ili kuifahamu lazima tukumbuke kitabu kingine kilichotangulia. Mwaka 1945 Padri Placide Tempels, Mfransisko aliyekaa na Waluba wa Katanga, alikuwa ametoa Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, kitabu kidogo juu ya filosofia ya Wabantu. Alisema kwamba kwa Mbantu kuwa ni kuwa na nguvu: kila kiumbe ni nguvu, na nguvu hizo zinaongezeka ao zinapunguka. Kitabu kilisomwa Ulaya yote na kuwapendeza wengi, vilevile kiliwachukiza wengi. Lakini Tempels hakuwa na haja ya kutetea teze. Alisema: nimekaa nao, nimewasikia. Alichukua alichokiona kwa Waluba na kukisema juu ya Wabantu wote.

Kagame alitaka kupima jambo hilo, na aliona kwamba kulipima si kulisema tena kwa sauti kubwa zaidi. Alifanya mambo mawili. La kwanza, alipunguza shamba: hakuandika juu ya Wabantu wote bali juu ya Wanyarwanda, ambao alijua lugha yao mpaka ndani. La pili, na kwa maoni yetu hapo ndipo ilipo akili yake kubwa, alichagua shahidi ambaye hata mwalimu wa Roma aliweza kumwuliza: lugha yenyewe. Mzee anaweza kusahau, ao kusema ya kumpendeza mgeni. Lakini namna maneno yanavyopangwa katika lugha haikutungwa na mtu mmoja kwa kumdanganya mtu mwingine. Inaandikwa katika vitabu vya gramatika, na anayetaka kuhakikisha anaweza kufungua.

Basi alikamata shina -ntu na kutazama vichwa vinavyowekwa mbele yake. Umuntu ni kiumbe chenye akili. Ikintu ni kiumbe kisicho na akili, awe nyama, mti ao jiwe. Ahantu ni fasi, na pamoja nayo wakati. Ukuntu ni namna ya kuwa. Kisha aliweka vikundi hivyo vinne kando ya vikundi kumi vya Aristoteli ambavyo kila seminarista alijifunza kwa moyo. Kile ambacho Mgiriki alikiita kiumbe chenye kusimama peke yake, Mnyarwanda anakigawanya mara mbili, mwenye akili na asiye na akili. Vile viwili vya mahali na wakati, Mnyarwanda anaviweka katika kimoja. Na vile saba vilivyobaki, wingi, sifa, uhusiano, kutenda, kutendwa, kukaa na kuwa na kitu, vyote vinaingia katika ukuntu. Hesabu inatimia bila kubaki hata kimoja.

Sisi tunaosema Kiswahili tunaweza kujaribu wenyewe. Mtu tunaye, kitu tunacho. Lakini tukifika mahali shina linatuponyoka, kwa maana neno hilo ni la Waarabu, na fasi tunayoisema kila siku huku Kongo haina -tu ndani yake. Lakini alama ya zamani ingalipo katika viungo: tunasema pale na hapa, na tunasema « mahali pale pamejaa ». Shina limekwenda, kivuli chake kimebaki. Na utu tunao, wala hatuulizi maana yake.

Katika maandiko yake ya nyuma Kagame alieleza jambo lingine ambalo lilichekesha na kufikirisha. Mfilosofia Descartes alisema: nafikiri, basi mimi ni. Katika lugha za Wabantu, alisema Kagame, neno hilo halisimami, kwa kuwa kitenzi cha kuwa hakiwezi kukaa peke yake. Mwambie mzee wa kijiji: « Nafikiri, basi mimi ni… » Atangoja. Ni nini? Ni nani? Ao sema « basi niko », naye atakuuliza: « Uko wapi? » Tutasema kwamba Mbantu hajui kuwa? Kagame alikataa. Alisema kwamba yeye anakufahamu kwa njia nyingine.

Hatufichi kwamba wengine walimkinza. Katika miaka ya 1970 Paulin Hountondji, mfilosofia wa Benin, alimsifu Kagame kuliko Tempels kwa sababu ya bidii yake ya kuonyesha vyanzo, lakini aliuliza kama gramatika ni filosofia kweli. Watu wote wana lugha. Je, kila lugha imefikiri kwa fasi ya watu wake? Filosofia, alisema, ni kazi ya mtu mmoja mwenye jina, anayesema neno lake na kukubali kujibu. Swali ni zito. Tena linamgusa Aristoteli mwenyewe, kwa maana vikundi vyake kumi vinafanana sana na gramatika ya Wagiriki. Tunaona kwamba Kagame alilijua, kwani teze yake aliiandika kwa sehemu kwa namna ya mazungumzo ya watu wawili, mmoja akiuliza na kutia shaka, mwingine akijibu. Alirudisha ndani ya kitabu baraza ile ya zamani. Tena hakuacha kazi pale teze ilipokubaliwa. Miaka 20 baadaye, mwaka 1976, alitoa kitabu juu ya filosofia ya Wabantu ikilinganishwa, ambamo alipima katika lugha nyingi kile alichokisema kwanza juu ya lugha moja. Alikufa Nairobi mwaka 1981.

Mwaka ule ule wa 1955, katika Roma ile ile, lakini katika chuo kikuu cha Propaganda, Padri Vincent Mulago alipata udaktari wa teolojia. Yeye ni wa kwetu Kivu, mwana wa Bushi. Teze yake ilihusu muungano wa uzima kwa Bashi, Wanyarwanda na Warundi, kisha aliuweka muungano huo mbele ya umoja wa Eklezia. Taabu yake ilikuwa nyingine. Kagame alikuwa mfilosofia, aliweza kusimama juu ya maneno. Mulago alikuwa mteolojia, na teolojia inataka Maandiko Matakatifu, Mababa na mitaguso. Alipaswa kuwa na miguu miwili: mmoja katika desturi za Bushi, mwingine katika vitabu vya Eklezia, na kuonyesha kwamba ni mtu mmoja anayetembea.

Njia yake ilikuwa kulinganisha. Alichukua makabila matatu ya jirani, yenye lugha zinazokaribiana, na kutafuta kile kinachowashika watu pamoja: damu ya ukoo, wafu wasioachana na wazima, mwami ambaye uzima wa inchi unapita kwake, chakula kinacholiwa pamoja, na agano la damu. Juu ya agano la damu aliandika fungu jingine katika kitabu « Des prêtres noirs s'interrogent » kilichotoka Paris mwaka 1956, akisema kwamba agano hilo na karamu yake ni kama mawe yaliyoachwa wazi katika ukuta, yakingoja Ekaristi. Msomaji wa vijijini anajua vizuri uzito wake: waliochanjiana damu hawawezi kudhulumiana, na watoto wao wanarithi urafiki ule pamoja na hofu yake. Kusema mbele ya waalimu wa Roma kwamba jambo hilo, ambalo wamisionari wengi waliliita ushenzi, linaweza kusaidia kufahamu sakramenti, kulihitaji moyo. Kitabu chenyewe kilichotoka katika teze kilikuja mwaka 1965 kwa Présence Africaine, chenye jina « Un visage africain du christianisme ». Miaka kumi toka kutetea mpaka kitabu kushikwa mkononi mwa watu! Wanaofikiri kwamba teze inamalizika siku ya makofi wahesabu miaka hiyo.

Wakati huo chuo kikuu kilikuwa kimefika kwetu. Lovanium ilifunguliwa mwaka 1954 juu ya kilima cha Kimwenza, karibu na Leopoldville, na mwaka 1957 ikapata kitivo cha teolojia. Sasa padri wa Kongo aliweza kufanya masomo makubwa bila kuvuka bahari, na mabishano ya Ulaya yakaanza kufanywa nyumbani.

Tarehe 29 ya mwezi wa kwanza mwaka 1960, miezi mitano kabla ya uhuru, kulikuwa na mabishano yasiyosahauliwa. Upande mmoja alisimama Tharcisse Tshibangu, mzaliwa wa Kipushi wa mwaka 1933, aliyepita katika seminari kubwa ya Baudouinville, padri wa mwaka mmoja na mwanafunzi bado. Upande wa pili alisimama Padri Alfred Vanneste, mkubwa wa kitivo na mwalimu wake. Tshibangu alisema kwamba inaweza kuwako teolojia yenye rangi ya Afrika, kwa kuwa namna ya Waafrika ya kufikiri ni mlango wa kuingilia neno la Mungu. Vanneste alijibu: kwanza teolojia ya kweli. Ukweli ni wa watu wote, alisema, na mwanafunzi wa Kongo asijifungie katika mambo ya kwao wakati wenzake wa dunia wanasonga mbele. Maneno ya wote wawili yalichapishwa mwaka ule ule katika Revue du Clergé Africain.

Tuangalie vizuri: mwanafunzi anamkinza hadharani mkubwa wa kitivo chake mwenyewe, na yule mkubwa anakubali jambo lichapishwe. Hiyo ni sifa kwa wote wawili. Na Vanneste hakuwa adui. Alikuwa anaogopa kwamba teze za Waafrika zitasomwa kwa huruma tu, kama vitu vya kutazamwa na wageni, wala hazitapimwa kwa mizani ile ile. Woga huo haukuwa wa upuuzi.

Msomaji angefikiri kwamba Tshibangu, alipokwenda Louvain kwa udaktari, ataandika juu ya teolojia ya Afrika. Hakufanya hivyo. Louvain, chuo kikuu kilichoanzishwa mwaka 1425, kilikuwa na desturi ya zamani: juu ya udaktari kuna cheo kingine, umagistri wa teolojia, ambacho mwenye kukitafuta anatoa kitabu kizima kilichochapishwa na kukitetea kwa sherehe kubwa. Tshibangu alikipata mwaka 1965. Kitabu chake kinaitwa « Théologie positive et théologie spéculative ». Ndani yake anafuata historia ya njia ya teolojia: kazi ya kukusanya yale Mungu aliyoyafunua katika Maandiko na mapokeo, na kazi ya akili inayoyapima na kuyaunganisha. Alichukua swali la nyumba ya Louvain yenyewe, alilichukua kwa vyanzo vya Louvain, akaenda mpaka chini.

Wengine waliona hapo kwamba ameacha vita. Sisi tunaona kinyume. Vanneste alikuwa amesema: kwanza teolojia ya kweli. Tshibangu alikwenda kuuliza teolojia ya kweli ni nini, na ilipata kuwa namna gani katika karne zote. Na anayeonyesha kwamba akili ya teolojia ilibadilika njia zake mara nyingi huko Ulaya kwenyewe, huyo amekwisha kufungua mlango bila kuupiga teke. Labda wakati wa 1960 alikuwa na haki. Mwaka 1965 alikuwa na haki na vyanzo.

Katikati ya kazi hiyo aliitwa pia kuwa mtaalamu katika Mtaguso wa Pili wa Vatikano. Mwaka 1967 akawekwa kuwa rekta wa Lovanium, Mkongomani wa kwanza katika kiti hicho, akiwa na miaka 34. Padri Mulago alikuwa amekwisha kuja kufundisha pale, akaanzisha huko utafutaji juu ya dini za Afrika, na mwaka 1967 gazeti Cahiers des Religions Africaines, ambamo desturi za kijiji zilipata mwishowe kile ambacho bibi yetu hakuwa nacho: ukurasa wenye namba. Mwezi wa saba mwaka 1968, wakati wa juma la nne la teolojia huko Kinshasa, mabishano ya teolojia ya Afrika yalifunguliwa tena mbele ya watu. Vanneste alikuwapo, akashika neno lake lile lile. Tshibangu alimjibu, safari hii akiwa rekta, na yule wa zamani akiwa bado mkubwa wa kitivo chini yake.